Waridi la Luther: kwa nini ni jeupe, na kwa nini ule moyo haupakwi rangi nyeusi

Fundi_Darizi

Bwana Yesu asifiwe, wanajukwaa.

Mimi ni fundi wa kudarizi. Kazi yangu kubwa ni vitambaa vya madhabahu na mimbari, stola za wachungaji na sare za kwaya, na wateja wangu wengi ni sharika za Kilutheri. Juma lililopita nililetewa kitambaa cha mimbari kilichodariziwa kwingine, nikaombwa nitengeneze cha pili kinachofanana nacho ili viwe jozi. Nilipokikunjua mezani nilinyamaza. Nembo iliyodariziwa ilikuwa Waridi la Luther, alama ya Walutheri, ila waridi lilikuwa jekundu kama nyanya. Moyo ulikuwa mweusi, na juu yake msalaba wa dhahabu. Ile duara ya nje haikuwapo kabisa, mahali pake palikuwa na mstari wa rangi ya fedha uliokatwa chini ili jina la usharika lipite. Kwa ufundi kazi ilikuwa safi, mishono imelala vizuri, nyuma hakuna fundo hata moja. Ila ujumbe wote ulikuwa umegeuzwa.

Nimefungua uzi huu kwa sababu kosa hilo si la fundi yule peke yake. Nimelikuta kwenye fulana za vijana, kwenye kadi za michango na hata kwenye keki za kipaimara. Tunaiona nembo hii tangu tuko Shule ya Jumapili, tunaichukulia kama ua la kupambia. Kumbe Martin Luther mwenyewe, Mjerumani aliyeanzisha Matengenezo ya Kanisa, aliieleza rangi moja baada ya nyingine, kwa barua, na maneno ya barua hiyo yapo hadi leo.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka 1530 Kaisari Karl wa Tano aliita baraza la dola mjini Augsburg, na upande wa Matengenezo ukatakiwa ueleze imani yake mbele yake. Luther hakuweza kwenda. Tangu baraza la dola la mjini Worms mwaka 1521 alikuwa ametangazwa mtu asiye na ulinzi wa sheria, angekamatwa. Mtawala wa Saxony akamwacha kwenye ngome ya Coburg, ukingoni mwa nchi yake upande wa kusini, naye akakaa huko kuanzia Aprili hadi mwanzoni mwa Oktoba. Mwenzake, Philipp Melanchthon, ndiye aliyebeba mzigo kule Augsburg, na tarehe 25 Juni lile Ungamo la Augsburg likasomwa mbele ya Kaisari.

Katika kipindi hichohicho mwana wa mtawala, Johann Friedrich, aliagiza Luther atengenezewe pete ya muhuri. Lazarus Spengler, katibu wa halmashauri ya jiji la Nuremberg, akamwandikia Luther kumuuliza kama mchoro wa muhuri umekaa sawa. Spengler hakuwa mtu wa kupita njia. Jina lake liliongezwa kwenye la Luther ilipotangazwa Ujerumani hati ya Papa ya mwaka 1520 iliyotishia kuwatenga na kanisa, kwa hiyo mzigo wa imani hii aliujua begani mwake. Luther akamjibu tarehe 8 Julai 1530.

Sasa mimi nikiisoma barua ile, naisoma kama oda. Mteja anamwambia fundi: anza na hiki, kiwe rangi hii, sababu ni hii. Na anaanzia ndani kwenda nje. Cha kwanza, anasema, ni msalaba mweusi ndani ya moyo, na moyo ule ubaki na rangi yake ya asili, ili akumbuke kwamba imani katika Yeye aliyesulubiwa ndiyo inayotuokoa. Hapo analeta Warumi 10:10, "Kwa maana kwa moyo mtu huamini hata kupata haki." Moyo huo uwekwe katikati ya waridi jeupe, kuonyesha kwamba imani inaleta furaha, faraja na amani. Jeupe, si jekundu, kwa sababu nyeupe ni rangi ya roho na ya malaika wote. Amani hiyo, anasema, si kama ile ya ulimwengu, na hapo yuko kwenye Yohana 14:27. Waridi likae kwenye uwanja wa rangi ya mbingu, kwa kuwa furaha ya imani ni mwanzo wa furaha ya mbinguni. Imeshaanza, tumeishika kwa tumaini, bado haijafunuliwa. Na kuzunguka uwanja huo, pete ya dhahabu, maana heri ya mbinguni haina mwisho, nayo ina thamani kupita furaha na mali zote, kama dhahabu ilivyo bora kuliko madini mengine. Anamalizia kwa kusema huo ndio muhtasari wa theolojia yake.

Rudini sasa kwenye kitambaa nilicholetewa. Waridi jekundu ni lile alilolikataa kwa maneno yake mwenyewe. Pete iliyokatwa inasema heri ya mbinguni ina mahali inapoishia. Na moyo mweusi ndio ulioniumiza kuliko vyote, nitaueleza nikipata nafasi. Karibuni.

Mwalimu_wa_Kipaimara

Asante sana kaka fundi kwa uzi huu. Ninafundisha darasa la kipaimara mwaka wa tisa sasa, na nembo hii naitumia kila mwaka tunapofika kwenye Kanuni ya Imani. Nawapa watoto karatasi iliyochorwa mistari mitupu na penseli za rangi. Wote, bila kuambiwa, wanaanza na ile duara ya dhahabu kwa sababu ndiyo kubwa na inang'aa. Nawasimamisha. Nawaambia mkono wa kwanza uende kwenye msalaba, huko ndiko Luther alikoanzia. Huwezi kuanza na utukufu halafu ukaingia msalabani baadaye ukipenda.

Ila kuna swali mtoto mmoja wa kike aliniuliza mwaka jana, na jibu nililompa halijaniridhisha hadi leo. Aliuliza: "Mwalimu, kama Yesu ni nuru, kwa nini msalaba wake ni mweusi?" Nilimwambia ni kwa sababu ya dhambi zetu. Akaandika, lakini nilimwona uso wake. Wewe ungemjibuje?

Fundi_Darizi

Dada mwalimu, mtoto huyo ameuliza swali lenyewe.

Luther anasema msalaba ni mweusi kwa sababu unafisha, na ni lazima uume. Halafu hapohapo anaongeza jambo ambalo tunalisahau: pamoja na weusi wake wote, unauacha moyo na rangi yake. Hauharibu asili ya mtu. Hauui, unahuisha. Ndipo analeta "mwenye haki ataishi kwa imani", akikaza kwamba ni imani kwa Yeye aliyesulubiwa.

Tazama alikuwa wapi alipoyaandika hayo. Baba yake, Hans, alifariki tarehe 29 Mei 1530. Habari zilimfikia Coburg tarehe 5 Juni, kwa barua ya rafiki wa zamani. Veit Dietrich, kijana aliyekuwa akiishi naye pale ngomeni kama katibu, ameacha maelezo: Luther aliposoma tu, alichukua Zaburi yake akaingia chumbani akalia hadi siku ya pili kichwa kikamuuma. Hakuweza kwenda kuzika. Miaka miwili nyuma, mwaka 1528, alikuwa amemzika mtoto wake mchanga, Elisabeth. Mtoto mwingine, Magdalena, alikuwa na mwaka mmoja tu nyumbani Wittenberg, na mkewe Katharina alimpelekea baba picha yake, akaibandika ukutani pale anapolia chakula.

Mwezi mmoja baada ya msiba wa baba ndipo anaandika kuhusu msalaba mweusi unaouma usioharibu rangi ya moyo. Kwa mtu aliyefiwa, sentensi ile haihitaji kufafanuliwa. Ndiyo maana moyo mweusi kwenye kitambaa kile uliniumiza. Unasema msalaba ulipoingia, moyo ukafa. Luther alisema kinyume chake, na alikuwa na matanga alipokuwa akisema.

Kuna na Zaburi ya 118. Huko Coburg aliandika ufafanuzi wa zaburi hiyo nzima, aliyoiita zaburi yake mwenyewe, na mstari wa 17 aliuandika ukutani: "Sitakufa bali nitaishi." Mwambie mtoto aisome halafu atazame tena ule msalaba mweusi ukiwa umelala ndani ya moyo mwekundu.

Mdadisi_wa_Mbeya

Wakuu, naomba niulize bila kumkosea mtu heshima. Mimi ni Mpentekoste, mke wangu ni Mlutheri. Kwenye kundi letu la WhatsApp imesambazwa video inayosema waridi na msalaba ni alama ya vyama vya siri, na kwamba Luther alikuwa mmoja wao. Mke wangu ana kitenge cha kanisa chenye nembo hiyo na sasa nyumbani pamekuwa na maneno. Ukweli ni upi?

Fundi_Darizi

Karibu sana ndugu yangu, na asante kwa kuuliza kabla ya kuhukumu.

Watu hao wa waridi na msalaba wanajulikana kwa maandiko yao ya kwanza yaliyochapwa Kassel, Ujerumani, mwaka 1614. Luther alifariki Februari 1546. Hesabu miaka. Kama kuna aliyemwiga mwenzake, si Luther.

Na muhuri wake haukuwa wa siri hata kidogo. Aliutumia hadharani, kwa kazi ya kawaida kabisa. Mwaka 1524, alipokuwa akitoa tafsiri ya Agano la Kale sehemu kwa sehemu, wachapaji wa miji mingine walikuwa wanainakili kiholela na kuiharibu. Akaweka mwishoni alama mbili, Mwanakondoo mwenye bendera na lile waridi lake, na chini yake maneno ya kusema kwamba alama hizi ni shahidi kuwa vitabu hivi vimepita mkononi mwake, kwa kuwa uchapaji wa uongo umezidi. Yaani ilikuwa kama stika ya kuonyesha bidhaa halisi. Anayeficha jambo haliweki kwenye ukurasa wa kitabu kinachouzwa sokoni.

Waridi lenyewe halikutoka hewani. Ukoo wa akina Luther ulikuwa na alama yenye upinde na mawaridi. Na moyo unakumbusha shirika la watawa wa Augustino alikokaa miaka mingi, ambao alama yao ni moyo. Alichokifanya ni kuvichukua vitu vya nyumbani kwake, akavipa Injili ya kusema. Mama avae kitenge chake kwa amani.

Mdadisi_wa_Mbeya

Nimekuelewa. Nimemsomea mke wangu post yako yote. Amecheka, kisha akaniambia hata yeye hakujua kwa nini ua ni jeupe. Tumesoma Yohana 14:27 pamoja.

Mchora_Mabango

Niingie kwa upande wa uchoraji, maana nembo na ngao ndiyo kazi yangu.

Wachoraji wa ngao wa Ulaya walikuwa na kanuni moja waliyoiheshimu sana. Rangi waliziweka makundi mawili. Dhahabu na fedha waliziita metali, na manjano na nyeupe vinahesabiwa humo. Nyekundu, buluu, nyeusi, kijani na zambarau ndizo rangi. Kanuni inasema usiweke rangi juu ya rangi, wala metali juu ya metali. Sababu ni ya macho tu: ngao inatakiwa itambulike kwa mbali, kwenye vumbi la vita.

Sasa ipime nembo hii. Waridi jeupe juu ya buluu, sawa. Dhahabu kando ya buluu, sawa. Moyo mwekundu juu ya waridi jeupe, sawa. Lakini msalaba mweusi juu ya moyo mwekundu ni rangi juu ya rangi. Mtu akitazama harakaharaka atasema hapa kanuni imevunjwa. Ila kitu kinachochorwa katika rangi yake ya asili, kama vile mnyama au kiungo cha mwili, hakibanwi na kanuni hiyo. Na Luther hakuandika "moyo mwekundu". Aliandika moyo katika rangi yake ya asili. Maneno hayohayo aliyoyasema kwa sababu za imani, yanatoshea pia kwenye ufundi wa ngao.

Nadhani ndiyo chanzo cha makosa anayoyasema mtoa mada. Fundi anaona nyeusi juu ya nyekundu haionekani vizuri kwa mbali, anaamua "kurekebisha" kwa kugeuza moyo uwe mweusi na msalaba uwe wa dhahabu. Kwa macho inapendeza zaidi. Mimi mwenyewe nimewahi kushawishika.

Jambo jingine dogo: petali ni tano, msizidishe. Waridi la kwenye ngao ni waridi pori, lenye petali tano zilizofunguka, si lile la dukani lililojikunja. Na vile vijani vinavyochungulia katikati ya petali ni vile vinavyolifunika ua kabla halijafunguka. Kwenye barua ya 8 Julai havitajwi, ni desturi ya wachoraji, kwa hiyo tusivitungie maana.

Mhaya_wa_Uppsala

Salaam kutoka Sweden. Nimefurahi kuona mada hii kwa Kiswahili.

Niongeze kwamba si makanisa yote ya Kilutheri yanayobeba waridi. Kanisa la Sweden, ambalo hadi mwaka 2000 lilikuwa kanisa la dola, lina ngao ya dhahabu yenye msalaba mwekundu, na katikati ya msalaba kuna taji la dhahabu. Imetokana na ngao ya dayosisi kuu ya hapa Uppsala. Taji linakumbusha lile la mfalme Erik, mtakatifu wa Waswidi, lakini kanisani linasomwa kuwa taji la ushindi wa Kristo. Mwalimu wa kipaimara atapenda hili: taji limekaa pale mikono ya msalaba inapokutana. Ukitaka kulifikia lazima upite msalabani.

Kwetu Bukoba tuna undugu na watu hawa. Bengt Sundkler, profesa wa historia ya kanisa hapa Uppsala, alikuwa askofu kwetu kuanzia 1961 hadi 1964, ndipo akapokelewa na Josiah Kibira, ambaye baadaye, mwaka 1977, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Nikiingia kanisa kuu la hapa na kuliona lile taji, namkumbuka bibi yangu aliyebatizwa na wamisionari wa kizazi kile.

Mwalimu_wa_Kipaimara

Mhaya wa Uppsala, nimeandika hiyo ya taji kwenye daftari.

Kaka fundi, nimeona picha ya mlango wa nyumba ya Luther kule Wittenberg wenye waridi hili limechongwa kwenye jiwe, na kulizunguka kuna herufi VIVIT. Ni nini?

Fundi_Darizi

Huo ni mlango wa Katharina. Mama huyu alimzawadia mumewe mwaka 1540, umechongwa kwa jiwe la mchanga, una viti viwili vya mawe kulia na kushoto, mtu anaweza kukaa pale jioni akazungumza na jirani. Upande mmoja kuna sura ya Luther, upande mwingine kuna waridi. VIVIT ni Kilatini, maana yake "Anaishi". Mtu yeyote aliyepita barabarani kuja kumwona Luther alikutana kwanza na neno hilo. Huyu ni mwanamke aliyezaa watoto sita na kumzika mmoja wakati huo, na miaka miwili baadaye wakamzika na yule Magdalena wa kwenye picha, akiwa na miaka 13.

Nirudi kwenye kitambaa changu. Nilimpigia mzee wa kanisa aliyeleta kazi, nikamwomba aje na mwinjilisti wake. Nikawasomea barua ile juu ya meza ya kukatia. Mzee alishika kile kitambaa cha zamani, akapitisha kidole kwenye pengo la pete, akasema, "Hapa tuliweka jina letu." Hakusema zaidi. Wameamua nitengeneze viwili vipya, na jina la usharika nilishone chini kabisa kwenye pindo, nje ya pete.

Mchora_Mabango

Mungu awabariki wazee hao. Sasa msalaba mweusi juu ya nyekundu utaonekanaje kutoka kiti cha nyuma?

Fundi_Darizi

Moyo nitaudarizi kwa uzi mwekundu wa kung'aa, mishono ikilala upande mmoja. Msalaba kwa uzi mweusi usiong'aa, mishono ikisimama wima na kujazwa mara mbili ili uinuke kidogo. Taa ikipiga, moyo unawaka na msalaba unabaki kimya. Pete ya dhahabu nitaimalizia nyuma ya kitambaa, mwanzo na mwisho wa uzi vifungwe pamoja chini ya mishono, mtu asiweze kuona nilipoanzia.

Tatizo langu ni uzi mweusi. Mwingi unaouzwa madukani sasa unachuja. Mnafua kitambaa mara ya kwanza, na weusi unaingia kwenye moyo, unaufanya uwe kama damu iliyoganda. Kwa kazi nyingine ningeweza kuvumilia. Kwa hii siwezi, kwa sababu msalaba huu unatakiwa usiuchafue moyo. Jana nimenunua aina tatu, nikakata kipande cha kila moja, nikavifunga kwenye leso nyeupe na kuviloweka usiku kucha kwenye maji ya moto yenye sabuni. Leso ya kwanza asubuhi ilikuwa ya kijivu. Ya pili ilikuwa na mstari mwembamba, ukiitazama juani unauona.

Ya tatu imetoka nyeupe. Kesho alfajiri naanza.